KOBE AKIHAMISHWA, JE, ATATULIA?



Wahenga walisema: ukimwona kobe juu ya mti, jua kapandishwa. Kobe hapandi mti. Akionekana huko, basi yuko mtu aliyembeba.

Leo tutasoma habari za kobe waliobebwa na watu. Hawa hawakupandishwa mitini. Walitolewa walikokuwa wakiishi, wakapelekwa mahali pengine ili wasimalizike. Tutajiuliza swali moja tu: kobe akishashushwa mahali pageni, hufanya nini? Hukaa palepale? Huzurura? Au hugeuza njia akarudi kwao?

Swali hili linatuhusu sisi wa Kibiti na Rufiji. Kila mwaka tunafyeka mapori tupande korosho na ufuta. Tunachoma moto mashamba. Magari nayo yanakimbia mchana na usiku katika barabara kuu iendayo Lindi. Katika shughuli hizo kobe hukutwa. Mwenye njaa humla. Mwenye tamaa humtafutia mnunuzi. Mwenye huruma humpakia kwenye baiskeli, akaenda kumwachia mbali na kusema, "Haya, huku kwenye msitu utapona."

Je, huyo mwenye huruma amemsaidia? Hebu tusome.

KOBE SI KASA

Kwanza tutofautishe. Kasa anaishi baharini. Miguu yake ni kama makasia. Jike hupanda ufukweni kutaga mayai, kisha hurudi majini. Wavuvi wa Nyamisati, Mbwera na Kiongoroni wanamfahamu vizuri.

Kobe anaishi nchi kavu. Miguu yake ni minene kama nguzo. Ukimtupa baharini hukumwokoa, umemuua.

Katika vichaka vya mkoa wetu wa Pwani wako kobe wa aina zaidi ya moja. Yuko mwenye gamba lililoinuka, lenye mabaka meusi na manjano. Yuko pia yule mdogo zaidi, ambaye gamba lake lina kama bawaba upande wa nyuma. Akiogopa hulifunga gamba hilo kama mtu afungavyo mlango.

KOBE ANA KWAO

Watu wengi hudhani kobe hutangatanga tu, popote alipo ni sawa. Sivyo. Kobe ana eneo lake analolijua. Anajua kichaka chenye kivuli saa sita mchana. Anajua panapotuama maji baada ya mvua. Anajua majani yanachipua wapi, na wenzake wa kuzaa nao wako upande gani. Hizo ndizo njia zake, na huzipita mwaka hadi mwaka.

Kuijua njia ni jambo kubwa kwa kobe. Mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe kama wetu. Jua likizidi, hana budi kuingia kivulini upesi, la sivyo atakufa. Na upesi wake tunaujua! Kwa hiyo kobe asiyejua kivuli kiko wapi yuko hatarini kila siku ya jua.

Huko Italia, katika miaka ya 1970 na 1980, wataalamu waliwachukua kobe wa nchi ile wakawaweka mbali kidogo na maeneo yao. Wengi waligeuka wakashika njia ya kurudi kwao. Halafu wataalamu wakawazuia baadhi yao wasiweze kunusa kwa muda. Hao walishindwa kushika njia. Basi ikajulikana kwamba pua ya kobe humsaidia kujua kwao ni wapi.

Jambo hili lisitushangaze. Wazee wetu wanakumbuka mafuriko makubwa ya mwaka 1968. Baada yake, mwaka 1969, watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa, juu ya bonde. Nyumba zilikuwa juu, lakini udongo mzuri ulibaki chini. Watu wakawa wanashuka bondeni kulima mpunga, wanalala katika madungu wakilinda ndege na nguruwe, mpaka wavune. Mtu si kobe. Hata hivyo tunajua kwamba kuhamisha mwili ni kazi ya siku moja, na kuhamisha maisha ni kazi ya miaka.

KWA NINI KOBE HUHAMISHWA?

Ziko sababu tatu kubwa.

Ya kwanza, pale alipo pataharibiwa. Labda pataingia barabara, shamba kubwa au kambi ya jeshi.

Ya pili, kobe wamekwisha mahali fulani na watu wanataka kuwarudisha.

Ya tatu, watu wanataka kuanzisha kundi jingine mahali pengine. Kundi la kwanza likipatwa na maafa, la pili libaki. Ni kama mkulima anayegawa mbegu katika maghala mawili.

KOBE WA CHANGUU

Kobe waliohamishwa wanaojulikana sana katika nchi yetu wako kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Ni kobe wakubwa ajabu, na huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Asili yao ni kisiwa cha Aldabra, katika nchi ya Shelisheli.

Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alileta Zanzibar zawadi ya kobe wanne wa aina hiyo. Walizaana. Kufikia mwaka 1955 walikuwa wamefika 200 hivi. Hapo mtu angesema kazi imekwisha.

Kumbe haikuwa imekwisha. Wezi waliwaiba kobe na kuwauza nje, kwa watu wanaopenda kufuga wanyama wa ajabu. Ilipofika mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba tu! Baadaye lilijengwa zizi kubwa lenye ulinzi na mahali pa kulelea watoto wa kobe. Idadi ikapanda tena.

Mwaka 1978 hadi 1982 Shelisheli nayo iliwahamisha kobe wapatao 250 kutoka Aldabra kwenda kisiwa cha Curieuse. Miaka iliyofuata wengi wao walipotea, na wizi ulikuwa sababu kubwa.

Hapa tunapata fundisho la kwanza: kumhamisha kobe bila kumlinda ni kumpelekea mwizi.

Lakini kobe wa Changuu wako zizini. Hatuwezi kujua kwao kama mgeni angezurura. Ili tujue, tuangalie mahali ambapo kobe waliachiwa porini wakafuatwa nyuma.

KOBE MGENI HUTEMBEA SANA

Utamfuataje kobe porini miezi na miezi? Wataalamu hubandika redio ndogo sana juu ya gamba lake kwa gundi. Haina muziki wala taarifa ya habari. Inatoa ishara tu. Mtaalamu hushika mkononi chombo cha kupokea ishara hiyo, akatembea porini mpaka amfikie kobe wake. Huandika: leo yuko hapa. Kesho huandika tena. Mwisho wa mwaka anayo ramani ya safari zote.

Kazi hii imefanywa sana Marekani, katika jangwa la Mojave. Kobe wa jangwa hilo wanalindwa na sheria tangu mwaka 1990, maana walikuwa wanapungua. Redio zilionyesha jambo lililo wazi. Katika mwaka wa kwanza, kobe waliohamishwa walitembea mbali kuliko kobe wenyeji. Walikuwa wanatafuta. Mwaka wa pili mwendo wao ulipungua, ukawa kama wa wenyeji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwaka wa kwanza ndio mgumu. Kobe anayetembea sana huchoka na kupoteza maji ya mwilini. Hukaa juani akitafuta kivuli asichokijua. Huvuka barabara nyingi. Huonwa na wanyama wanaokula nyama, na watu pia. Tena huenda akatoka kabisa kwenye eneo lililotengwa kumlinda. Hapo kazi yote na fedha yote imepotea.

ZIZI LA MWAKA MMOJA

Je, iko dawa? Iko, ingawa si ya kuponya kila kitu.

Kusini mashariki mwa Marekani wako kobe wanaochimba mashimo marefu ya kulala. Baadhi yao walichukuliwa kutoka jimbo la Georgia, wakapelekwa hifadhi moja ya jimbo la South Carolina. Wataalamu waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza liliachiwa mara moja. Kundi la pili liliwekwa ndani ya uzio, kulekule kwenye makao mapya, kwa miezi tisa. Kundi la tatu liliwekwa humo miezi kumi na miwili. Kisha uzio ukaondolewa.

Matokeo yaliandikwa mwaka 2005. Kobe waliokaa kwanza ndani ya uzio hawakutawanyika mbali kama wale walioachiwa mara moja. Wengi zaidi walitulia mahali pale. Na waliokaa muda mrefu walitulia zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Ndani ya uzio kobe alizoea harufu ya udongo mpya. Alichimba shimo lake. Alijua kivuli na chakula viko wapi. Uzio ulipoondoka, alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Wafugaji wa kuku wanalijua jambo hili. Kuku mgeni ukimfungua siku ileile aliyofika, jioni utamtafuta kwa majirani. Ukimfungia siku kadhaa ndani, hurudi mwenyewe kulala.

LINGANISHA KWANZA, KISHA SEMA

Sasa tusome kisa kimoja cha kutufundisha kufikiri.

Mwaka 2008 jeshi la Marekani lilitaka kupanua kambi yake ya mazoezi ya Fort Irwin, katika jangwa lile la Mojave. Kobe zaidi ya 500 walihamishwa. Muda si mrefu wengi walianza kufa. Waliliwa na mbwa mwitu wa huko, wanaofanana na mbweha wetu. Watu wakapiga kelele: "Mmeona? Kuhamishwa kumewaua!" Kazi ya kuhamisha ikasimamishwa.

Wataalamu hawakuishia hapo. Waliwahesabu pia kobe wenyeji, ambao hawakuhamishwa. Wakaona nao waliliwa, kwa kiasi kisichotofautiana sana. Kulikuwa na ukame. Sungura na panya walipungua. Wale mbwa mwitu wenye njaa wakawageukia kobe, mgeni na mwenyeji.

Je, maana yake ni kwamba kuhamisha hakuna madhara? Hapana. Maana yake ni kwamba usiseme sababu ni hii kabla ya kulinganisha. Ukitia mbolea shamba lote, mavuno yakaja mazuri, utajuaje kama ni mbolea au ni mvua? Acha kipande bila mbolea, ndipo utajua. Tena kisa hiki kinasema jambo jingine: mwaka wa ukame si mwaka wa kuhamisha kobe.

Liko na suala la ugonjwa. Kobe wa Mojave hupata ugonjwa wa njia ya hewa. Pua hutoa makamasi, macho huvimba. Mgonjwa mmoja akipelekwa kwenye kundi zima, huambukiza wenyeji. Kwa hiyo kobe hupimwa na daktari wa wanyama kabla ya kuhamishwa. Umempakia kobe kwenye baiskeli yako, je, umempima?

NA MAYAI YA KASA JE?

Ndugu zetu wa delta watauliza, "Mbona kule Mafia mayai ya kasa huhamishwa?" Ni kweli. Shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji wa pwani yetu tangu mwaka 2001. Kiota kikiwa mahali ambapo maji makuu yatakifunika, mayai huchukuliwa na watu waliofundishwa, yakafukiwa juu zaidi.

Lakini angalia jinsi wanavyofanya. Huyahamisha mapema, saa chache baada ya kutagwa, maana baadaye mtoto hushika kwenye ganda, na yai likigeuzwa hufa. Hawayapeleki mbali, huyaweka ufukwe uleule. Kina cha shimo hupimwa. Joto la mchanga pia lina kazi yake: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike, wenye ubaridi hutoa madume.

Na kwa nini yasipelekwe mbali? Kasa jike akikua hurudi kutaga katika sehemu za pwani alikozaliwa. Kasa naye ana kwao, kama kobe. Anayemsaidia hujitahidi kumwacha kwao.

BASI TUFANYE NINI?

Turudi sasa kwa yule mwenye huruma na baiskeli yake. Nia yake ni njema. Lakini amemtia kobe katika ule mwaka wa kwanza mgumu, bila uzio, bila kipimo, bila mtu wa kumfuata. Huenda kobe huyo atageuka kuelekea kwao, akavuka barabara ileile aliyookolewa nayo. Tufanye hivi:

1. Ukikuta kobe porini ambaye hana shida, mwache. Hajapotea. Yuko kwao.

2. Ukimkuta anavuka barabara, tazama kwanza usalama wako. Kisha mbebe kwa mikono miwili, karibu na ardhi, umweke upande ule aliokuwa anaelekea. Usimrudishe alikotoka, maana ataanza safari upya mara tu ukiondoka.

3. Kabla ya kuchoma shamba, pita ukikague, hasa chini ya vichaka na kwenye mashimo. Ukimkuta kobe, msogeze kwenye kichaka cha jirani ambacho hakitachomwa. Hatua mia au mia mbili zinatosha. Hapo bado yumo ndani ya eneo analolijua.

4. Ukiweza, acha ukanda wa vichaka kando ya shamba lako. Utazuia upepo na mmomonyoko wa udongo, na kobe atapata njia ya kupita.

5. Usimuuze, usimnunue, wala usimfungie nyumbani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata na kumiliki mnyamapori bila kibali. Mtu mgeni akija kijijini anaulizia kobe kwa bei nzuri, toa habari kwa serikali ya kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

6. Ikiwa pori lenye kobe wengi litafyekwa lote kwa ajili ya mradi mkubwa, msiwahamishe wenyewe. Zungumzeni katika mkutano wa kijiji. Mwiteni afisa wanyamapori mapema, kabla trekta halijafika. Muulizeni maswali haya: Watapelekwa wapi? Je, huko kuna maji, kivuli na chakula? Je, wamepimwa? Watawekwa ndani ya uzio kwa muda gani? Nani atawafuata mwaka wa kwanza? Mwananchi aliyesoma ana haki ya kuuliza, na swali zuri humwamsha hata mtaalamu.

Pengine mwenzetu mmoja atasema, "Watu wenyewe mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatoa majumbani, ninyi mnatuhubiria kobe!" Tunamwelewa. Lakini mapori haya tunayoyafyeka ndiyo yanayoshika udongo na kutupa kuni, asali na dawa. Kobe hukawia kukua, hukawia kuzaa. Akimalizika katika kijiji, mtoto wetu atamsikia katika hadithi tu, akimshinda sungura mbio, wala hatajua kama ni mnyama wa kweli.

Kumhamisha kobe ni jambo la mwisho, baada ya mengine yote kushindikana. La kwanza ni kumwachia nafasi pale alipo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bawaba: kipande cha chuma kinachouwezesha mlango kufunguka na kufungika.
Dungu: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, cha kulindia mazao.
Ishara: alama au sauti inayotoa habari.
Linganisha: weka vitu viwili pamoja uone tofauti zake.
Uzio: ua unaozunguka mahali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kobe mgeni hutembea zaidi katika mwaka wa kwanza?
2. Uzio ulisaidia nini kule South Carolina? Kuna mfano gani wa jambo hilo katika ufugaji wetu?
3. Kobe wa Changuu walipungua mpaka saba. Nani alikosea, aliyewaleta au aliyewaiba? Toeni sababu.
4. Hesabu: kobe 200 wakipungua wakabaki 7, wamepotea wangapi?
5. Katika kijiji chenu kobe huonekana wapi na wakati gani wa mwaka? Waulizeni wazee kama zamani walikuwa wengi zaidi. Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi, mwakani mlinganishe.